Shajara ya mradi: kuifikisha klorheksidini chini ya mikrometa 100 za kwanza za ngozi

Tunachotafuta

Mgonjwa hupakwa klorheksidini, antiseptiki ya kuua bakteria wa ngozi, ngozi ikauka, daktari akapasua. Bakteria wa juu wamekufa, lakini wapo wengine waliojificha ndani ya vitundu vya vinyweleo na karibu na tezi za mafuta. Wembe unapita katikati yao. Mkuu wao ni Staphylococcus epidermidis, mkazi wa kawaida wa ngozi asiye na shida mpaka afike kwenye katheta (mrija unaoingizwa mwilini), nyonga bandia au vali ya moyo. Kwa hiyo kwetu swali la kwanza ni dawa inafika wapi kabla ya kupasua, na inafika kwa kiasi gani.

Kipimo chetu cha kulinganisha ni kazi iliyochapishwa mwaka 2008 na watafiti wa Birmingham, Uingereza, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Aston. Waliweka klorheksidini diglukoneti (chumvi ya klorheksidini inayoyeyuka majini) ya 2% katika maji juu ya ngozi nzima ya binadamu, wakaikata vipande vyembamba na kupima dawa katika kila kina. Baada ya dakika 2, mikrometa 100 za juu zilikuwa na wastani wa mikrogramu 0.157 kwa kila miligramu ya ngozi. Baada ya dakika 30 zilikuwa na 0.077. Chini ya mikrometa 300 kiasi hakikufika hata 0.002. Hata baada ya saa 24, pale juu palipojaa 7.88, chini ya mikrometa 300 palibaki pungufu ya 1. Kwamba dakika 30 zilitoa kidogo kuliko dakika 2, sisi tunalisoma kama onyo la jinsi ngozi zinavyotofautiana, na onyo hilo ndilo lililotufanya tupange majaribio kama yalivyoelezwa hapa chini.

Tafsiri ya namba hizo ni rahisi. Miligramu moja ya ngozi ni karibu mikrolita moja, kwa hiyo 0.002 ni kama mikrogramu 2 kwa mililita. Staphylococcus nyingi huzuiwa na mikrogramu chache kwa mililita kwenye mirija ya maabara, ambako hakuna protini wala mafuta ya ngozi ya kuishika dawa. Ndani ya ngozi kiasi hicho ni kama hakipo.

Wiki ya 1: kwa nini haizami

Molekuli yenyewe inajipinga. Klorheksidini bila chumvi ina uzito wa 505, juu kidogo ya ule mpaka wa 500 ambao watu wa dawa za ngozi huutumia kukisia kipi kitapita na kipi hakitapita. Zaidi ya hapo, katika pH ya ngozi ina chaji mbili chanya. Tabaka la nje la seli zilizokufa lina unene wa mikrometa 10 hadi 20 tu, lakini limejengwa kama ukuta wa matofali: seli ngumu, na kati yake mafuta yaliyopangwa safu kwa safu. Kitu chenye chaji hakipendi kupita kwenye mafuta. Klorheksidini hugandamana na protini za ukuta huo na kukaa hapo kwa saa nyingi. Sifa hiyo ndiyo inayofanya mikono ya mpasuaji ibaki safi ndani ya glavu, na ndiyo hiyo hiyo inayoizuia kushuka.

Njia tuliyochagua ni kulegeza mafuta ya ukuta. Vilegezaji vipo vingi: propilini glikoli, asidi ya oleiki, urea, DMSO. Tumechukua mafuta ya mkaratusi, kwa sababu kundi lile lile la Birmingham lilionyesha mwaka 2010 kwamba yanasaidia klorheksidini kuzama, na kwa sababu kiungo chake kikuu, 1,8-sineoli, kinajulikana kuvuruga mpangilio wa mafuta kati ya seli.

Kumbukumbu ya ununuzi: si kila chupa iliyoandikwa mkaratusi ina sineoli. Mkaratusi wenye harufu ya limau, Eucalyptus citriodora, una sitronelali kwa wingi na haufai hapa. Tunachotaka ni mafuta ya aina ya Eucalyptus globulus, yenye sineoli isiyopungua 70% kwenye cheti cha uchambuzi. Chupa isiyo na cheti hairuhusiwi kuingia kwenye jaribio hata kama inanukia vizuri.

Wiki ya 2 na ya 3: kuchanganya, na mahali tulipoharibu

Klorheksidini huuzwa kama mmumunyo wa diglukoneti wa 20%. Kabla ya kugusa pipeti, kila mtu wa mradi aandike anahesabu chumvi au klorheksidini yenyewe. Diglukoneti ina uzito wa 897.8, klorheksidini 505.5, na uwiano wake ni 1.78. Kwa hiyo 2% ya diglukoneti ni 1.13% tu ya klorheksidini. Wanaohudumia watoto wachanga wanaujua mkanganyiko huu: dawa ya kitovu huandikwa 7.1% ya diglukoneti, na papo hapo huitwa klorheksidini ya 4%. Ni kitu kimoja. Katika mradi huu asilimia zote ni za diglukoneti, na mikrogramu zote zinazotoka kwenye HPLC, mashine inayotenganisha kemikali na kuchora kilele kwa kila moja, ni za diglukoneti pia, maana sampuli za kulinganishia zimetengenezwa hivyo.

Mchanganyiko wa kwanza ulikuwa wa maji: klorheksidini 2%, mafuta ya mkaratusi 10%. Mafuta na maji havikai pamoja, tukaongeza polisobeti 80, kitu kama sabuni kinachounganisha mafuta na maji. Kwa 0.1% mafuta yalitawanyika yakipigwa, kisha yakapanda juu polepole. Kishawishi kilikuwa kuongeza polisobeti mpaka mchanganyiko utulie. Tulijaribu 2%, ukatulia vizuri, na ndipo tukaona kosa. Polisobeti 80 ni ile ile inayowekwa kwenye kimiminika cha kuzimisha klorheksidini katika vipimo vya bakteria. Inaunda miseli (vidonge vidogo mno vya molekuli zake), miseli zinaimeza dawa, na dawa iliyomezwa haiui na haizami. Chupa ilipendeza machoni, na ndani yake hapakuwa na antiseptiki ya maana. Mchanganyiko wa maji sasa unabaki na 0.1% tu, unatikiswa kwa nguvu sekunde 30 kabla ya kila matumizi, na unatumika kama kilinganishi.

Ufumbuzi uko kwenye alkoholi. Isopropanoli ya 70% inayeyusha mafuta bila polisobeti, na yenyewe inalegeza ngozi na kuua haraka. Kwa mililita 100:

Weka mililita 10 za klorheksidini 20% kwenye chupa ya kupimia ya mililita 100. Ongeza mililita 8 za maji yaliyokenekwa, zungusha. Mimina mililita 70 za isopropanoli kidogo kidogo huku unazungusha. Mwisho kabisa ongeza mafuta mililita 10, tone kwa tone mwanzoni, kisha jaza kwa maji hadi alama. Ujazo hujikunja alkoholi na maji vinapokutana, kwa hiyo subiri dakika 15 kisha jaza tena.

Mpangilio huo una sababu. Mmumunyo wa 20% unavumilia ethanoli isiyozidi mara 5 ya ujazo wake, na isopropanoli hatuipi nafasi zaidi ya hapo. Ukiudondosha moja kwa moja ndani ya mililita 70 za alkoholi tupu, unaganda kama utomvu kwenye kuta za chupa. Ukitanguliza maji, haugandi. Mafuta nayo yakitangulia kukutana na maji yanachafuka na kuchukua muda mrefu kuwa angavu.

Mafuta ya mkaratusi hupimwa kwa pipeti ya kioo. Plastiki ya polistireni inalainika yakiigusa, na kipande chake kikiyeyuka ndani ya mchanganyiko hutaona kwa macho. Mchanganyiko wote unashika moto kwa urahisi: hakuna kichomeo cha bansen kwenye meza hiyo.

Na hakuna maji ya bomba, wala maji ya chumvi. Kloridi huigeuza klorheksidini kuwa chumvi isiyoyeyuka vizuri, takriban miligramu 0.6 tu kwa mililita, wakati mchanganyiko wetu una miligramu 20. Ukungu mweupe ukitokea, mwaga.

Wiki ya 4: ngozi

Mazoezi yote ya mkono yamefanyika kwenye ngozi ya sikio la nguruwe, iliyochukuliwa kabla sikio halijatiwa maji moto machinjioni. Sikio lililokwisha kuchemshwa limepoteza ukuta wake na litaonyesha dawa inazama ajabu. Ngozi ya binadamu, ya tumbo au titi, inatokana na upasuaji wa kupunguza mwili, kwa ridhaa ya maandishi na kibali cha kamati ya maadili. Bila karatasi hizo mbili mkononi, friza haifunguliwi.

Mafuta ya chini hukwanguliwa, ngozi hufungwa kwenye foili na kuwekwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Huyeyushwa mara moja tu. Ngozi iliyogandishwa mara mbili ina nyufa ndogo, na vilegezaji huonekana vya miujiza juu yake. Kwa kuwa watu wanatofautiana, kila mtoaji anapita kwenye michanganyiko yote: ngozi yake inagawanywa vipande, na kila mchanganyiko unapata vipande visivyopungua 4. Hatulinganishi mchanganyiko A kwenye ngozi ya mtu mmoja na B kwenye ngozi ya mwingine.

Chemba za Franz, yaani vyombo vinavyoshika ngozi katikati, dawa juu na kimiminika chini, tulizonazo zina eneo la sentimeta za mraba 0.64 na mililita 5 za kimiminika cha chini. Maji ya kuzunguka yanawekwa nyuzi 37 ili uso wa ngozi ubaki karibu na 32. Pima uso wenyewe kwa kipimajoto, usiamini kisanduku. Kimiminika cha chini huondolewa hewa kwanza, kwa sababu kinapopashwa moto hutoa mapovu yanayokaa chini ya ngozi, na pale penye povu hapana mguso. Inamisha chemba, igonge taratibu, povu litoke kwenye mkono wa kuchukulia sampuli.

Kiasi cha dawa kinabadilisha maana ya jaribio. Mililita 1 juu ya chemba ndogo, imefunikwa, ni bwawa: alkoholi haiondoki, na hakuna mgonjwa anayeandaliwa hivyo. Tunaweka mikrolita 10 kwa sentimeta ya mraba, yaani mikrolita 6.4 kwa chemba, bila kufunika, na kuisugua kwa kijiti chenye sponji kwa sekunde 30. Dawa yote juu ya ngozi ni mikrogramu 128. Sponji isiwe ya pamba wala selulosi, kwani klorheksidini hugandamana nazo. Sponji yenyewe hulowekwa na kupimwa baadaye, ili tujue kiasi kilichobaki ndani yake.

Wiki ya 5 hadi ya 7: kukata

Hapa ndipo mradi ulipokaa muda mrefu kuliko tulivyopanga, na ndipo matokeo mengi ya uongo yanapozaliwa.

Kwanza, kuosha. Baada ya dakika 2 dawa iliyobaki juu lazima iondolewe. Tulianza kuosha kwa bafa ya fosfati yenye chumvi, kwa mazoea. Chumvi iliigandisha klorheksidini juu ya ngozi, na kipande cha kwanza kikatoa kilele kikubwa kisichoeleweka. Sasa tunaosha kwa maji yaliyokenekwa mara 3, mililita 1 kila mara, na kufuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kisha utepe wa gundi mara 2 kuondoa kilichokaa juu tu. Tepe hizo hupimwa kando na hazihesabiwi kama kupenya.

Pili, wembe. Ukianza kukata juu na kushuka, wembe unabeba dawa kutoka sehemu yenye nyingi kwenda sehemu isiyo nayo. Kwa kuwa dawa ya juu ni zaidi ya mara 70 ya ile ya chini, tone dogo tu la uchafu linatengeneza kupenya ambako hakukutokea. Tumegeuza: tunakata kutoka ndani kuja nje. Diski ya milimita 7 hutolewa kwa kikatio cha biopsi, hugandishwa imelazwa juu ya slaidi ya kioo uso ukiwa chini ili ubaki bapa. Kwenye kishikizo cha kriostati (mashine ya kukata sampuli zilizogandishwa) tunatengeneza barafu ya maji, tunaikata kwa wembe ule ule mpaka iwe bapa kabisa, halafu tunalaza diski uso ukigusa barafu na kuifunga kwa tone la maji pembeni tu, si chini yake. Gundi ya kawaida ya kugandishia sampuli hatuitumii, maana polima zake zinaingia kwenye HPLC na kuharibu kilele.

Kwa njia hiyo hujui kina mpaka umemaliza. Vipande huwekwa kwenye mirija kwa mpangilio wa kukatwa, na kina kinahesabiwa kurudi nyuma kutoka pale wembe ulipogusa barafu. Andika namba za mirija kwa penseli, si kwa kalamu inayofutika na methanoli. Wembe hubadilishwa, kwa kukadiria, mikrometa 300 kabla ya mwisho, na tena kila vipande 5.

Ngozi isipolala bapa, kipande kimoja kina tabaka la juu upande mmoja na demisi (ngozi ya ndani) upande mwingine. Dalili yake ni kipande cha mwisho kutoka kama mwezi mchanga badala ya duara. Diski yenye zaidi ya vipande 2 vya namna hiyo inatupwa. Tumetupa nyingi, hasa za tumbo lenye michirizi.

Tatu, hesabu ya kama mashine itaona. Diski ya milimita 7 ina milimita za mraba 38.5. Kipande cha mikrometa 20 kina uzito wa karibu miligramu 0.77. Kwa 0.002, kipande hicho kina nanogramu 1.5. Ukikiloweka kwenye mililita 1, unapeleka kwenye HPLC kitu ambacho detekta ya mwanga haikioni, kisha unaandika "hakuna". Kumbe hukupima. Tunaunganisha vipande 5, miligramu 3.85, na kuviloweka kwenye mililita 0.3 tu za kimiminika cha HPLC: hapo tunapata nanogramu 26 kwa mililita, na kilele kinaonekana. Gharama yake ni kwamba kina kinasomwa kwa hatua za mikrometa 100. Mikrometa 100 za juu tu ndizo tunazopima kipande kwa kipande.

Kimiminika ni methanoli 75 na maji 25, chenye sodiamu heptani sulfoneti molari 0.005 na dayethilamini 0.1%, pH 4 kwa asidi ya asetiki. Detekta nanomita 254. Sineoli haionekani kwenye mwanga huo, lakini baadhi ya viungo vidogo vya mafuta ya mkaratusi vinaonekana. Kwa hiyo kila siku ya upimaji ina ngozi iliyopakwa mafuta na alkoholi bila klorheksidini. Sampuli za kulinganishia zenye nanogramu chache hutengenezwa kwa kimiminika hicho hicho na kuwekwa kwenye mirija ya polipropilini: kwenye kioo na maji matupu, klorheksidini hushikwa na kuta na mstari wa kulinganisha unapinda chini. Kichujio ni cha PTFE (tefloni), na matone ya kwanza yanamwagwa.

Vyombo visisafishwe kwa klorini ya kufulia. Ikikutana na mabaki ya klorheksidini inatoa uchafu wa kahawia usiotoka.

Wiki ya 8: tulipofika

Mchanganyiko wa maji usio na mafuta unatoa umbo lile lile la mwaka 2008: mlima juu, kisha mteremko mkali, kisha karibu tupu. Hilo ndilo tulilokuwa tukilisubiri kabla ya kuamini kitu kingine chochote, kwa sababu kabla ya kugeuza upande wa kukata mteremko ulikuwa mpole na ulitufurahisha bure.

Mchanganyiko wa alkoholi na mafuta 10% unausogeza mteremko chini kwenye ngozi ya nguruwe. Kwenye ngozi ya binadamu mwelekeo ni huo huo katika diski zilizopita ukaguzi, ila hatujatimiza idadi ya watoaji tuliyojiwekea, na namba hazitaandikwa hapa mpaka itimie. Mafuta 20% tumeyaacha: alkoholi ikigeuka mvuke, mafuta yanabaki juu kama utando, ngozi haikauki, na plasta ya katheta haishiki.

Kuna jambo tunalolibeba kila siku. Kitu kinachoifungulia klorheksidini mlango hakiifungulii peke yake. Ngozi inaweza kuwashwa zaidi, na wenye mzio wa klorheksidini wapo, wengine kwa ukali wa kuhatarisha maisha. Kwa hiyo mchanganyiko huu hauendi karibu na mtoto mchanga, ambaye ukuta wake wa ngozi bado mwembamba, wala machoni, wala ndani ya sikio. Na kwa kuwa una alkoholi, mashine ya kuunguzia mishipa haiwashwi mpaka ngozi isiyo na nywele imekauka angalau dakika 3.

Kazi inayofuata ni bakteria

Dawa kuwepo kwenye kipande si ushahidi kwamba imeua. Vipande vya kina vitapandwa, na kabla ya kupandwa vitalowekwa kwenye kizimishi: polisobeti 80 gramu 30 kwa lita, lesithini gramu 3, histidini gramu 1. Bila hicho, klorheksidini iliyomo kwenye kipande inaendelea kuua juu ya sahani, na tutasifu kupenya kwa kazi iliyofanyika kwenye agari, chakula cha bakteria kilicho sahanini. Kizimishi chenyewe kitajaribiwa mara mbili: kwamba hakiui S. epidermidis kikiwa peke yake, na kwamba kinaizima klorheksidini yenye nguvu kuliko ile tunayotegemea kwenye kipande chochote.

Vitundu vya vinyweleo vitapimwa kando. Vipande bapa vinachanganya kitundu na ngozi inayokizunguka, na wastani wake unaweza kupendeza huku kitundu chenyewe kikiwa hakijaguswa. Tumeagiza gundi ya sianoakrileti ya kuvutia maudhui ya vitundu. Jaribio la kwanza ni kuona kama gundi hiyo inaacha klorheksidini itoke ndani yake au inaifungia moja kwa moja: mikrogramu 1 itatiwa kwenye gundi tupu juu ya slaidi, italowekwa saa 24, kisha itapimwa kiasi kilichorudi.